Jina la Sita

Harlow Falls, Maine
24 Machi 1985

Mpenzi Jeannine,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Walter, na kwamba goti lako limepata nafuu kwa hilo jua la Arizona ambalo huchoki kulisifu. Sisi huku ni wazima wa mwili. Theluji bado imefika kwenye madirisha ya jikoni. Mireille anakusalimu sana. Ametimiza miaka kumi na mitano mwezi uliopita, ananizidi kimo sasa, na ameniagiza nikuambie kwamba ile shali uliyomtumia haivui hata ndani ya nyumba.

Barua yako niliipata siku nyingi na najua umeona kimya changu. Si kwamba nilikosa nafasi. Nimeanza kukujibu mara tano, na mara tano nimetia karatasi jikoni kwenye moto. Uliniuliza kwa nini kaka yako Roland, mtu aliyekuwa akienda kanisani hata barabara ikiwa imefungwa kwa theluji, hakwenda kwa daktari mpaka mambo yakawa yameharibika. Halafu ukanishukuru. Uliandika kwamba Mungu anilipe kwa supu nilizompelekea na kwa kukaa naye siku zake za mwisho. Swali lako nitalijibu. Shukrani zako nakuomba uzishike kwanza mpaka umalize kusoma.

Kazi yangu unaijua kwa juu juu tu, kwa hiyo niruhusu nikueleze. Mimi ndiye karani wa wafanyakazi pale kiwanda cha viti cha Lathrop, na mfuko wa matibabu uko mikononi mwangu. Kiwanda hakikununua bima kwa kampuni yoyote. Kililipia wagonjwa wake chenyewe. Mtu akiugua, au mwenzi wake au mtoto wake, hati ya hospitali ilikuja kwangu, nikaipiga muhuri, kiwanda kikalipa. Kwa maandishi, kila mtu alingoja miaka mitatu kazini kabla ya kuingia kwenye mfuko na kupewa kadi, awe mhasibu au mpiga msasa. Hapakuwa na upendeleo hata ungetafuta kwa taa.

Serikali nayo ina sheria juu ya mifuko ya namna hii, na sheria yenyewe si mbaya. Inataka mwenye kiwanda asijitengenezee mfuko wa kumtibu yeye na wakubwa wenzake huku watu wa chini wakibaki nje. Kila mwaka ilinibidi nihesabu vichwa: katika kila watu mia wanaohesabika, sabini angalau wawe ndani. Tukishindwa, matibabu ya wakubwa yanachukuliwa kuwa mapato yao na wanatozwa kodi. Shida yote iko kwenye neno hilo, wanaohesabika. Sheria inamruhusu mwajiri asiwahesabu vijana wa chini ya miaka ishirini na mitano, vibarua wa msimu, wa saa chache, na wale ambao hawajatimiza miaka mitatu. Hao wanaweza kuachwa nje, na hesabu bado ikatoka safi.

Mei ya mwaka juzi Bwana Lathrop aliniita ofisini kwake. Nasema Everett, yule mtoto wa mzee Lathrop tuliyekuwa tukimwibia matofaa. Alifunga mlango, jambo ambalo si kawaida yake. Aliuliza kwanza hali ya Mireille. Nikamwambia madaktari wa Boston wamepanga kumpasua moyo kwa mara ya pili mwezi wa Oktoba, na safari hii wana matumaini. Akatikisa kichwa kwa huruma, na nadhani huruma yake ilikuwa ya kweli. Halafu akasema mfuko umeelemewa. Kuna watu kumi na mmoja wa kiwandani watakaotimiza miaka mitatu kabla mwaka haujaisha, na wakiingia wote hatauweza tena, ataufunga. “Kwa wote, Yvonne,” akasema, na macho yake yalikuwa kwenye kalenda ya ukutani, kwenye Oktoba ambayo bado ilikuwa chini ya karatasi nyingine.

Alikuwa ameletewa ushauri na mtaalamu mmoja wa mjini. Mtu akikaribia kutimiza miaka mitatu, anapewa barua kwamba kazi zimepungua. Anakaa nyumbani wiki saba. Kisha anaitwa tena na kuandikwa kama mgeni, na miaka yake inaanza upya. Kwenye hesabu yangu haonekani. Hawezi kusema amebaguliwa, maana kwenye karatasi hajafika. Lakini kuwasimamisha wote kumi na mmoja isingewezekana, kwa sababu kulikuwa na hoteli moja ya Quebec inayosubiri viti. Sita wangetosha.

Orodha ya majina sita ilitoka Ijumaa ya wiki ile. Jina la Roland lilikuwa la sita.

Barua zilitolewa moja moja, kila mmoja kwa mwezi wake. Yeye alipata yake Agosti, zikiwa zimebaki wiki tatu. Alikuja dirishani kwangu kuichukua, na vumbi la mbao limemkaa kwenye nyusi. “Eti kazi hakuna,” akasema. “Mimi wiki hii peke yangu nimepaka vanishi viti mia mbili. Hao wa Quebec wamegoma kukaa?” Berthe wa chumba cha msasa, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, akacheka. Roland akaniuliza kwa sauti ya chini kama ile miaka yake mitatu itamsubiri. Nikamwambia ataanza upya. Akakohoa, akajifuta mdomo kwa kiganja, akasema basi na kikohozi chake nacho kianze upya, kisije kikamzidi cheo.

Unakumbuka kwamba Gilbert alituacha mimi na mtoto tangu Mireille ana miaka minne, na gari langu lisingefika hata Portland. Oktoba ilipofika, aliyetupeleka Boston ni kaka yako. Alikuwa bado kwenye wiki zake saba za kukaa bure. Aliendesha lile lori lake la kijani kwa muda wa saa tano na nusu, akamtandikia Mireille blanketi tatu, akamwimbia njia nzima zile nyimbo za mama yenu mpaka mtoto akamwomba anyamaze apumzishe kifua. Mireille alipoingizwa chumba cha upasuaji tulikaa ukumbini, mimi na yeye, kwa muda wa saa sita. Muuguzi mmoja mwanamke alipita mara ya kwanza, akapita mara ya pili, kisha akasimama mbele yake. Akamwambia kikohozi hicho hakipendi, na chumba cha picha za kifua kiko hapo chini, hatua ishirini tu. Roland akamjibu kwa heshima, “Asante, mama, lakini kadi yangu haijafika.” Akanigeukia akatabasamu. Mimi nikaangalia saa ya ukutani.

Mireille alipona. Unajua hayo, nilikupigia simu nikilia.

Mwaka jana wote nilimwona Roland akipungua. Nilimsihi aende hospitali, nikamwambia nitamsaidia. Akasema amebakiza miaka miwili na nusu tu, atavumilia. Akisema hivyo hucheka, lakini siku moja hakucheka. Akaniambia mtu asiye na kadi akilazwa, atatoka na madeni, na chenye thamani alichonacho ni nyumba ya mama yenu tu, na nusu ya nyumba hiyo ni yako. “Jeannine akirudi, alale wapi?” akauliza. Hilo ndilo jibu la swali lako, rafiki yangu. Hakuogopa daktari. Alikuwa anasubiri zamu yake, na zamu yake ilirudishwa nyuma akiwa amefika mlangoni.

Septemba alianguka kwenye chumba cha vanishi, brashi ikiwa mkononi. Daktari alituonyesha picha. Alikuwa kijana, sauti yake imekauka kwa kusema maneno yale yale kwa watu wengi. Akasema kama angemwona mwaka uliopita, hata wakati wa vuli, pengine pafu moja lingekatwa na mtu akabaki. Wakati wa vuli wa mwaka uliopita, Jeannine. Tulikuwa naye Boston, hatua ishirini kutoka chumba cha picha.

Usiku ule sikulala, na asubuhi yake niliandika barua kwa watu wa kodi wa serikali. Sikutia jina. Nilieleza jinsi tunavyohesabu, nikatia na nakala za barua zote sita. Nilidhani naita sheria ije imsaidie. Januari akaja bwana mmoja mwembamba aitwaye Kessler, akakaa kwenye meza ya pembeni ofisini kwangu siku nne, akila biskuti zake mwenyewe. Aliona mara moja. Alisema wiki saba za namna ile ni mchezo, wale watu hawakuacha kazi hata siku moja, na wote sita wanahesabika. Alivyowarudisha kwenye hesabu, mfuko ukaanguka mtihani. Nikamuuliza nini kitafuata. Akasema Bwana Lathrop na wakubwa wenzake wanne watatozwa kodi kwa matibabu yote waliyopata miaka ile, pamoja na ule mgongo wa Bwana Lathrop uliotengenezwa New York. Nikamuuliza, na aliyeachwa nje je? Aliweka kalamu chini. “Mama,” akasema, “mimi ni mtu wa kodi. Aliyeachwa nje hayumo kwenye fomu yangu.” Hakusema kwa ubaya. Alinitazama kana kwamba alitamani niulize kitu kingine.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Roland alifariki Jumamosi, saa sita mchana, kengele za kanisa zikilia.

Sasa nitakuandikia jambo ambalo sijamwambia hata padri. Meza yangu imetenganishwa na chumba cha vanishi kwa ukuta wa mbao tu, na kwa karibu miaka minne nilimsikia Roland akikohoa ng'ambo ya pili. Nakijua kikohozi chake kama ninavyojua mlio wa mlango wangu: viwili vifupi, kimya, halafu kile kirefu kinachopanda kutoka chini. Jumatatu baada ya kifo chake nilikisikia. Nikainuka nikafungua mlango. Pale alipokuwa akisimama yeye amewekwa Aubrey Michaud, mzima kama fahali. Nikamuuliza nani amekohoa. Akaniangalia. “Hakuna aliyekohoa humu tangu asubuhi, Bi Yvonne. Labda ni mashine.” Mashine zilikuwa zimezimwa kwa chakula. Tangu hapo nakisikia karibu kila siku, mchana kweupe, nikiwa napiga muhuri au nasema na mtu kwenye simu. Nilijiambia ni dhamiri, ni uchovu, ni umri wangu huu. Lakini Jumamosi iliyopita tulikuwa mezani, mimi na Mireille, tunakula maharagwe yetu. Mireille akasimamisha kijiko. Akageuza kichwa kuelekea barazani, akasikiliza, kisha akauliza kwa utulivu kabisa, “Mama, mbona hatumfungulii?”

Nikamuuliza, nani. Akasema hajui, lakini kuna mtu anakohoa pale nje na kuna baridi. Nilifungua mlango. Theluji ya barazani ilikuwa laini, haina hata unyayo wa paka.

Kiwandani mambo ni mabaya. Bwana Lathrop ameufunga mfuko kuanzia tarehe mosi Aprili, kwa wote, kama alivyosema. Watu wanamtafuta aliyeandika ile barua. Juzi kantini Berthe aliapa kwamba akimjua atampasua kichwa kwa mguu wa kiti, maana mume wake ana sukari na sasa hajui dawa zitatoka wapi. Akaniegemea begani akalia. “Wewe angalau unatuonea huruma,” akaniambia. Nikampigapiga mgongoni.

Jeannine, nimeandika hapo juu kwamba orodha ilitoka. Hiyo ni lugha ya ofisini. Orodha haitoki, mtu huiandika. Bwana Lathrop hakuwajua wale kumi na mmoja. Aliniambia waziwazi kwamba yeye anajua viti, watu nawajua mimi, na akataka nimtajie wale ambao wangekuja kuugharimu mfuko zaidi. Nilikaa na karatasi yangu na kalamu. Nikaandika majina, na mbele ya kila jina neno moja. Mjamzito. Mgongo. Sukari. Nilipofika watano nilikwama. Waliobaki walikuwa wazima, isipokuwa mmoja ambaye nilikuwa namsikia wakati ule ule, ng'ambo ya ukuta, viwili vifupi, kimya, na kile kirefu. Bwana Lathrop asingejua. Hakuna daktari aliyejua. Katika kiwanda kizima, masikio yaliyokuwa yamekisikiliza kikohozi kile mpaka kukielewa yalikuwa yangu. Nikaandika: Roland Ouellette, kikohozi. Ningeweza kuandika jina lolote jingine. Nilimwandika yeye kwa sababu nilijua angekuwa ghali, na niliogopa Oktoba isije ikamkuta Mireille mfuko umeisha.

Na si hayo tu. Desemba, kabla ya Krismasi, nilimpelekea pai ya nyama ingawa alikuwa hawezi tena kula. Tulikuwa tumemsogezea kitanda karibu na jiko la kuni. Nilikuwa namsugua miguu, na nadhani nilianza kusema kitu, maana alinikatiza. Akaniambia orodha ile aliiona. Siku ile ile ya Mei alikuwa ameniletea ofisini barua ya kanisa, mimi nimetoka kwenda kuchota kahawa, na karatasi ilikuwa juu ya meza. Aliutambua mwandiko wangu, akasema, tangu enzi nilipokuwa nampa yeye vijibarua vya kukupelekea wewe. Alisoma jina lake na neno lililokuwa mbele yake. Akaiweka barua ya kanisa juu yake, akarudi kupaka vanishi.

Kwa hiyo alijua Mei. Alijua Agosti, pale dirishani, aliponiuliza kama miaka yake itamsubiri. Naona sasa kwamba alikuwa ananipa nafasi. Alijua njia nzima ya Boston, akiimba. Nilimuuliza, nikiwa nimeshika mguu wake, mbona ulitupeleka. Alifikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa jambo dogo. “Mtoto alikuwa na tarehe yake,” akasema.

Halafu akaniomba nisikuambie. Alisema wewe huku umebakiwa na mimi tu, na ukinipoteza hutakuwa na wa kumwandikia. Nilimwahidi. Nimeshindwa hata hilo. Kila unaponishukuru nasikia kile kikohozi kirefu kinapanda, na sasa hata mtoto anakisikia.

Utakuwa umejiuliza kwa nini sijakuandikia habari za mazishi. Ni kwa sababu hayajafanyika. Ardhi bado ni jiwe, na waliofariki baridi hii wako kwenye nyumba ya mawe nyuma ya makaburi, wakisubiri. Padri Dumont amesema atamzika Jumamosi ya pili ya Mei, ardhi ikilegea, karibu na mama yenu. Amesema tukujulishe mapema ili uje. Wale wanaume wa chumba cha vanishi wameniomba niwe miongoni mwa watakaotupia udongo, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa kama ndugu yake.

Sikuombi unisamehe; sijui hata ningeiweka wapi samahani hiyo. Nakuomba neno moja tu kabla ya siku ile: nisimame kaburini au nisije. Lolote utakaloandika nitalifanya. Na kama utataka niwaambie Berthe na wenzake yote, nitawaambia hapo hapo, mbele ya jeneza. Funguo za nyumba nimempa padri, na kuni zimepangwa barazani, za kukutosha wiki mbili.

Msalimie sana Walter, na umwambie asiupuuze ule moyo wake. Mireille anakubusu mashavu yote mawili. Yeye hajui lolote. Leo asubuhi amepanda kilima cha nyuma ya shule akikimbia, bila kusimama hata mara moja, na aliporudi alikuwa anacheka na pumzi yake haikukatika.

Wako, ambaye sijui kama bado nina ruhusa ya kujiita rafiki yako,

Yvonne Pelletier